Mwanangu, Tafuta Wakili Kabla ya Ploti

Mwanangu, kaa kwanza. Chai bado ni moto, na mambo ninayotaka kukuambia hayasemwi mtu akiwa amesimama mlangoni.

Najua una haraka. Umeona ploti upande wa Kimumu, hapa Eldoret, na imekupendeza. Dalali amekuambia kuna watu watatu wanaoiwania, na kwamba ukilala leo, kesho utaikuta imeuzwa. Umeshaongea na sacco. Umeshapiga hesabu ya mawe na mabati. Nilikuwa nikikusikiliza huku moyo wangu ukiwa mzito, kwa sababu maneno hayo hayo ya dalali niliambiwa mimi mwaka 1996. Nami niliyaamini.

Nilisubiri unitajie wakili, hukumtaja. Nilipokuuliza ukasema, "Dalali ana wakili wake, atatutengenezea makaratasi." Hapo ndipo nilipokuomba ukae.

Neno langu kwako ni moja tu. Tafuta wakili kabla ya kutafuta ploti. Wengi wetu hufanya kinyume. Tunapenda ardhi, tunalipa arbuni, tunapiga picha tukiwa tumesimama kwenye nyasi, kisha ndipo tunatafuta mtu wa kugonga muhuri. Wakati huo moyo umeshafunga ndoa na ile ploti. Wakili akisema ngoja, tunamwona adui.

Ngoja nikueleze yaliyonipata.

Mwaka 1996 nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Nilikuwa nimeweka akiba miaka sita, shilingi kwa shilingi, na mauzo ya mahindi ya msimu ule yalikuwa yamenijazia pengo lililobaki. Dalali mmoja akanipeleka kuona ploti ya hamsini kwa mia, nje kidogo ya mji. Udongo mwekundu, mkaratusi mmoja pembeni, barabara karibu. Muuzaji alikuwa kijana mpole. Alisema baba yake amefariki na kwamba sehemu ile ndiyo aliyogawiwa. Hata nilimwonea huruma. Alisema anahitaji pesa za hospitali.

Tuliandikiana katika hoteli moja ya chai karibu na Uganda Road. Karatasi yenyewe ninayo mpaka leo, kwenye bahasha ya kaki kabatini. Ni fulskepu yenye mistari. Chini kuna alama mbili za dole gumba, wino wa buluu. Pembeni kuna duara la kahawia lililoachwa na kikombe cha chai. Kila nikiitazama naliona lile duara kwanza, maana linanikumbusha jinsi tulivyokuwa wepesi. Kazi ya miaka sita tuliimaliza kabla kikombe hakijapoa.

Kisha dalali akatupandisha ghorofani kwa wakili wake. Chumba kimoja, meza moja, muhuri mmoja. Wakili yule aliniuliza swali moja tu: "Umeleta pesa?" Nikasema ndiyo. Akagonga muhuri. Aliwawakilisha wote wawili, mimi na muuzaji, na mimi nikaona ni jambo jema kwa sababu tungegawana gharama. Hakuuliza hati iko kwa jina la nani. Hakuuliza kama mirathi imefanywa. Hakuniambia niende masjala ya ardhi. Mimi nami sikujua kwamba kuna maswali ya kuuliza.

Nilizungushia ua. Nilichimba msingi. Mwaka 1999 ndugu wa yule kijana walikuja na amri ya mahakama. Hati ilikuwa bado kwa jina la marehemu baba yao. Familia haikuwa imekwenda mahakamani kupata barua za usimamizi wa mirathi, wala hakuna aliyekuwa amegawiwa chochote. Sheria yetu ya Urithi inasema wazi kwamba ardhi ya marehemu haiuzwi kabla mahakama haijathibitisha usimamizi wa mirathi. Kijana alikuwa ameniuzia kitu ambacho hakuwa na uwezo wa kukiuza.

Nilikimbia kwa yule wakili. Akanijibu kwa utulivu kwamba hawezi kunisemea dhidi ya muuzaji, kwa kuwa muuzaji naye ni mteja wake. Mwanangu, siku hiyo ndiyo nilielewa maana ya wakili wa watu wawili. Mambo yakiwa mazuri ni wa wote. Mambo yakiharibika huna wakili.

Kesi ilichukua miaka saba. Mwishowe niliambiwa nirudishiwe pesa nilizolipa, zile zile za 1996. Zilipokuja, kidogo kidogo, hazikutosha kununua hata robo ya ploti kama ile. Maji yakimwagika hayazoleki. Ninayoweza kufanya ni kukuonyesha mahali yalipomwagikia.

Sasa usidhani hilo lilinipata mimi peke yangu kwa ujinga wangu. Ardhi ya huku kwetu ina historia ndefu, na historia hiyo ndiyo inayomfanya wakili awe wa lazima. Mji huu ulianza kama Shamba Namba 64 katika ramani ya walowezi. Ndiyo maana wazee, wakitamka "sixty-four" kwa ulimi wao, waliuita Sisibo. Jina la Eldoret lilikuja mwaka 1912. Baada ya Uhuru mwaka 1963, mashamba makubwa ya wazungu yalinunuliwa na watu waliochanga pesa pamoja, kwa vyama vya ushirika na kampuni za kununua mashamba. Kila mwanachama alipewa cheti cha hisa, akaonyeshwa kipande chake kwa hatua za miguu, akajenga. Wengine walipata hati. Wengine walifariki na cheti cha hisa mfukoni. Watoto wao wakauza, na walionunua nao wakauza tena. Baadaye hata mashamba ya miwati ya kampuni ya EATEC yaliuzwa yakakatwa vipande. Waulize watu wa mtaa wa Langas maana ya kujenga nyumba, kulea watoto na kupata wajukuu huku ukiisubiri hati.

Kwa hiyo ploti unayoonyeshwa leo ina mama yake. Ilikatwa kutoka hati kubwa, na hati hiyo ilikatwa kutoka nyingine. Kazi ya wakili mzuri ni kurudi nyuma hatua kwa hatua hadi kwa huyo mama, aone kama kila aliyeuza alikuwa na haki ya kuuza.

Utaniambia, "Lakini baba, muuzaji ana hati, nimeiona kwa macho yangu." Sikiliza. Mwezi Aprili 2023 Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi katika kesi ya kampuni ya Dina Management na serikali ya kaunti ya Mombasa. Kampuni ilikuwa imenunua ardhi ya ufukweni Nyali, na hati ilikuwa nayo. Mwaka 2017 kaunti ilikuja ikabomoa ukuta, ikisema pale ni mahali pa umma. Majaji walirudi nyuma hadi mwanzo wa hati ile, hadi mwaka 1989 ardhi ilipogawiwa mtu wa kwanza, wakaona haikugawiwa kwa njia ya sheria. Wakasema hati iliyozaliwa vibaya haimkingi hata aliyenunua baadaye kwa nia njema. Ukiishika hati mkononi, bado unatakiwa kuonyesha ilikotoka.

Na mwezi Oktoba mwaka huo huo uliona kwenye runinga matingatinga kule Athi River, kwenye ardhi ya kampuni ya saruji ya East African Portland. Watu walisimama kando ya barabara na magodoro na sufuria zao huku nyumba za ghorofa zikianguka. Wengi walisema walinunua na kulipa. Sidhani walikuwa wavivu au wapumbavu. Walikuwa watu wa kazi kama wewe.

Sasa nikwambie jinsi ya kumchagua.

Kwanza, awe wakili kweli. Kuvaa suti na kuwa na ofisi hakutoshi. Kila wakili Kenya anatakiwa kuwa na cheti cha kazi cha mwaka husika, na cheti hicho huisha Desemba 31. Chama cha Mawakili, LSK, kina tovuti ambapo unaandika jina lake ukaona kama cheti chake ni hai. Ni kazi ya dakika mbili kwenye simu hiyo unayoishika kutwa. Na wakili mwaminifu hachukii ukimkagua. Ni kweli kwamba mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilisema hati haifi kwa sababu tu aliyeiandika hakuwa na cheti cha mwaka huo. Hilo linaokoa karatasi. Lakini mtu anayeendelea na kazi bila cheti amekuonyesha jinsi anavyozichukulia sheria, na pesa zako zitapitia mikononi mwake.

Jihadhari pia na karani. Mjini hapa kuna watu waliokaa ofisi za mawakili miaka mingi, wakajifunza lugha yao, sasa wanaandika mikataba ya ardhi chini ya ngazi kwa bei nafuu. Sheria ya Mawakili inawakataza. Wengine ni watu wema, lakini kazi ikiharibika hakuna chama kitakachowaita wala cheti kitakachofutwa. Utabaki wewe na karatasi yako.

Pili, awe wako peke yako. Usimchukue wa dalali. Usimchukue wa muuzaji. Dalali hulipwa ploti ikiuzwa. Wakili wako anapaswa kulipwa hata akikuambia usinunue. Ukiona wakili anayepoteza kitu ikiwa utakataa kununua, huyo si wa kukushauri. Pesa utakazookoa kwa kuchangia wakili mmoja na muuzaji ni kidogo. Nilizookoa mimi sikumbuki hata zilikuwa ngapi. Miaka saba ya kesi naikumbuka yote.

Tatu, awe mtu wa ardhi. Kuna mawakili hodari wa kesi za jinai, wengine wa ndoa, wengine wa biashara. Muulize bila aibu: "Wewe hufanya uhamisho wa ardhi mara ngapi? Masjala ya ardhi ya hapa unaijua? Kazi yangu utaifanya wewe au karani wako?" Muulize nani atakayekupokelea simu. Ukimpigia mara tatu wiki ya kwanza asikujibu, wakati bado anakutaka uwe mteja, fikiria mwezi wa nne itakuwaje.

Nne, azungumze lugha unayoielewa. Mikataba huandikwa kwa Kiingereza kigumu. Mwambie akusomee kila kipengele kwa Kiswahili, au kwa lugha ya nyumbani ikiwa anaijua. Wakili anayeijua kazi yake anaweza kuieleza. Anayekuambia "wewe tia sahihi tu" ana haraka yake mwenyewe.

Tano, akupe gharama kwa maandishi. Ada za mawakili katika mauzo ya ardhi zina kiwango kilichowekwa na sheria, na wakili anayeshuka chini yake ili akupate amevunja sheria tayari. Aliyeanza na wewe kwa kuvunja sheria, usitegemee atasimama nayo baadaye. Usiwe na haya kumwomba aandike: hii ni ada yangu, hii ni ya serikali, hii ni ya mpimaji. Tuchukulie ploti ya shilingi 1,200,000. Ikiwa iko ndani ya mipaka ya mji, ushuru wa stempu ni asilimia 4, yaani 48,000, na anayeulipa ni wewe mnunuzi. Ikiwa iko nje ni asilimia 2, yaani 24,000. Thamani yenyewe hukaguliwa na mthamini wa serikali, kwa hiyo usikubali anayekushauri uandike bei ya uongo ili ulipe kidogo. Weka pesa hizi kando kabla hujahesabu mawe. Nimeona vijana wenye ploti waliyoilipia yote lakini haijaingia kwa jina lao, kwa kuwa pesa za uhamisho walishajengea choo.

Mwaka 2014 nilinunua ardhi kwa mara ya pili. Safari hii nilianza na wakili. Alikuwa dada mdogo, umri wa kuwa binti yangu, na nakiri nilimtilia shaka. Nilimpelekea namba ya ploti niliyoipenda. Akaomba upekuzi rasmi kutoka masjala, ule ambao watu huuita sachi. Karatasi iliporudi aliniweka mezani kama ninavyokuweka wewe sasa, akanionyesha kwa kalamu. Sehemu ya kwanza inaeleza ardhi yenyewe: ukubwa wake, namba yake. Sehemu ya pili inaeleza mwenyewe ni nani. Sehemu ya tatu inaeleza mizigo: mikopo ya benki, zuio, amri za mahakama. Kwenye sehemu ya tatu kulikuwa na zuio. Mtu mwingine alikuwa anaidai.

Muuzaji aliapa kwamba ni jambo dogo la kifamilia na litaisha wiki ijayo. Nilimwomba yule dada tuendelee, kwa kuwa bei ilikuwa nzuri. Akafunga faili. Akasema, "Mwalimu, likiisha atatuletea karatasi iliyo safi. Sisi tutasubiri." Nilitoka nimekasirika. Karatasi safi haikuja.

Ploti iliyofuata ilichukua miezi mitano. Alimtuma mpimaji na ramani akahesabu vigingi, kimoja kilikuwa kimesogezwa. Aliona kwamba, ingawa watu wote waliiita ploti, kwenye rejista ilikuwa bado shamba la kilimo, kwa hiyo tulihitaji kibali cha bodi ya ardhi. Kumbuka hili, mwanangu, kwa sababu huko pembeni mwa mji, kuelekea Moiben, Ziwa na Kesses, ni jambo la kawaida. Ombi la kibali linatakiwa lifike bodi ndani ya miezi sita tangu mkataba utiwe sahihi. Bila kibali mkataba unakuwa bure mbele ya sheria, na utabaki kudai pesa zako kama deni.

Pesa nazo zilikuwa na njia yake. Nililipa arbuni ya asilimia 10 kwa akaunti ya wateja ya wakili, benki kwa benki. Sikumpa mtu noti mkononi. Mkataba uliandikwa, ukatiwa sahihi, ukashuhudiwa, kama sheria inavyotaka kwa kila mkataba wa ardhi. Tulipewa siku 90 za kumaliza, tukaongeza kwa maandishi bodi ilipochelewa. Salio lilimfikia muuzaji wakati hati halisi, fomu ya uhamisho iliyotiwa sahihi, kibali na vyeti vya kutodaiwa na kaunti vilikuwa vyote mezani kwa wakili wangu. Wewe nawe usiache salio litangulie makaratasi, hata kama muuzaji ni mtu wa kanisani kwenu, hata akilia.

Hiyo miezi mitano niliiona mirefu kuliko miaka saba ya kesi. Ujana hupima muda hivyo, na mimi sikuwa hata kijana tena. Lakini siku nilipoishika hati yenye jina langu, nilirudi nyumbani kwa miguu kutoka mjini. Nilitaka tu kutembea.

Sasa kuna jambo moja zaidi, nalo ni zito kwangu.

Mwaka 2019 karo ya chuo ilinilemea. Nikaamua kuuza nusu ya ploti hiyo hiyo. Nilipata mnunuzi haraka. Sikumwambia mke wangu. Nilijiambia nitamweleza pesa zikishaingia. Nilikwenda kwa yule yule wakili na hati mkononi, nikamweleza kwa sauti ya mtu aliyekwisha kuamua.

Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza swali moja: "Mwalimu, mama anajua?"

Nilinyamaza. Akanieleza kwa upole kwamba Sheria ya Mali ya Ndoa ya mwaka 2013 inataka idhini ya mwenzi kabla ya mali ya ndoa kuuzwa, na kwamba hataandika mkataba ule mpaka tuje wote wawili. Angeweza kuchukua ada yake. Wako ambao wangeniletea fomu nikaijaza mwenyewe, mwanamke yeyote akatia sahihi, kazi ikaisha. Yeye alinirudishia hati yangu juu ya meza.

Nilirudi nyumbani nikamweleza mke wangu. Hakupiga kelele. Aliniuliza tu, "Na tukizeeka tutakaa wapi?" Tuliuza ng'ombe wawili, tukakopa sacco, karo ikalipwa. Nyumba unayonywea chai sasa hivi imesimama kwenye ile nusu niliyotaka kuiuza.

Nimefikiri sana kuhusu mawakili hawa wawili. Wa kwanza aliniuliza kama nimeleta pesa, akakubali kila kitu. Wa pili aliniuliza kama mke wangu anajua, akakataa. Aliyenikubalia alinigharimu miaka. Aliyenikatalia alinipa nyumba. Ukienda kumtafuta wakili, msikilize maswali yake. Huko ndiko utakakomjua.

Siku moja utauza pia, kwa hiyo weka haya moyoni. Hati halisi usimpe mnunuzi "akaitazame", wala dalali "akaitoe kopi". Ikae kwa wakili wako, naye akuandikie kwamba ameipokea. Ikiwa mnunuzi anakopa benki, pesa huweza kuja baada ya uhamisho kuandikishwa. Hapo kinachokulinda ni ahadi ya kitaaluma ya maandishi kutoka kwa wakili wa benki, na ni wakili wako anayejua kuisoma. Pia tangu Januari 2023 kodi ya faida ya mtaji ni asilimia 15 ya faida, na mlipaji ni muuzaji. Ipo misamaha. Uliza kabla ya kutaja bei, usije ukaijua baada ya kuzitumia pesa.

Na kwa watoto wetu walio mbali, Marekani, Uingereza au Ghuba, au wale wanaokimbia mbio za dunia na kurudi nyumbani na zawadi zao, neno langu ni lile lile, ila kwa sauti kubwa zaidi. Waambie hivi: Pesa yako inajulikana kabla ndege haijatua. Ndugu wa damu anaweza kukupenda na bado asijue kusoma rejista. Ukimpa mtu mamlaka ya kutia sahihi kwa niaba yako, yaandikwe na wakili, yasajiliwe, yawe ya ploti moja na kazi moja. Na wakili awe amechaguliwa na wewe.

Akikukosea wakili, usinyamaze kama nilivyonyamaza mimi. Nilidhani wakili ni mtu asiyeshtakiwa. Ipo Tume ya Malalamiko dhidi ya Mawakili, na lipo Baraza la Nidhamu linaloweza kumsimamisha au kumfuta. Ndiyo maana nakwambia tunza kila risiti, kila barua, kila ujumbe wa simu. Nunua faili ya shilingi hamsini uziweke humo.

Mwanangu, tangu Eldoret ipewe hadhi ya jiji Agosti 2024, nawaona madalali wakikimbia kuliko wanariadha wetu. Bei zinapanda, nawe unaogopa kuachwa nyuma. Naielewa hofu hiyo. Lakini ardhi haina miguu. Ploti nzuri itakayokupita wiki hii, nyingine itakuja mwezi ujao. Akiba yako ikipita, huenda isirudi. Mwenda pole hajikwai, na nyumba ni safari ya maisha.

Kwa hiyo usimpigie dalali leo. Mwache asubiri. Kesho asubuhi pitia kwenye tovuti ya LSK, andika majina ya mawakili watatu wa hapa mjini wanaofanya kazi ya ardhi. Nenda uwaone wote watatu. Kaa nao, waulize, na zaidi ya yote sikiliza watakavyokuuliza wewe. Ukishampata wako, mpelekee namba ya ploti kabla hujatoa hata shilingi moja. Ukitaka, nitakusindikiza. Nitabeba ile bahasha ya kaki.

Kunywa chai yako sasa.